FRACT OSC: Mchezo wa Kompyuta Unaodai Masikio

FRACT OSC ni mchezo wa kompyuta wa mafumbo na uvumbuzi uliotolewa Aprili 2014 na Phosfiend Systems, studio ndogo ya Montreal nchini Kanada, na ingawa zaidi ya miaka kumi imepita tangu wakati huo, bado sijakutana na mchezo mwingine unaomwingiza mchezaji ndani ya sintesaiza, yaani chombo kinachotengeneza sauti za muziki kwa umeme, kwa kiwango hiki. Nauhakiki sasa kwa sababu Dar es Salaam ina vijana wengi wanaokesha wakitengeneza muziki wa kielektroniki, ina pia vijana wanaojifunza kutengeneza michezo ya kompyuta, na makundi hayo mawili ni nadra sana kukaa meza moja. Mchezo huu unaonyesha kinachowezekana yanapokaa pamoja, na vilevile unaonyesha mahali ambapo ushirikiano huo hulegea.

Mchezaji huanza peke yake katika nchi ya giza iliyojengwa kwa maumbo ya kijiometri, yenye minara, mashimo, mitambo iliyosimama na mistari ya mwanga inayokatika katikati ya njia. Zamani dunia hiyo iliendeshwa kwa sauti, sasa imenyamaza, na kazi iliyopo ni kuifufua mtambo mmoja baada ya mwingine. Hakuna adui, hakuna kufa, hakuna saa ya kumharakisha mtu, wala hajitokezi mzee wa hekima kueleza la kufanya. Waliowahi kucheza Myst ya mwaka 1993 watautambua ukoo huu mara moja: mahali patupu, mashine za ajabu, na mgeni anayelazimika kuzisoma mashine zenyewe kwa kuwa hana wa kumuuliza. Kwa kuwa maneno ni machache mno, asiyejua Kiingereza hapungukiwi na chochote cha maana, jambo ambalo si la kawaida katika michezo ya aina hii.

Dunia hiyo ina maeneo makuu matatu, na kila moja limejengwa juu ya sehemu yake ya muziki: besi, sauti ya mbele inayobeba melodi, na sauti pana za nyuma zinazojaza nafasi. Mafumbo mengi ya awali ni ya kusogeza na kuzungusha vipande hadi njia ikamilike, na hayo, kusema kweli, yangeweza kupachikwa katika mchezo wowote ule. Utamu unaanza pale mchezaji anapokabidhiwa gridi ya nota na kuanza kupanga mwenyewe sauti ipi ilie wakati gani. Anapoweka alama mahali fulani, mtambo ulio mbele yake unapiga nota hiyo zamu yake inapofika. Anapoisogeza juu, nota inapanda. Anapoiondoa, pengo linabaki na mdundo mzima unabadilika mwendo. Hapo si kwamba muziki unapigwa nyuma ya mchezo ili kupendezesha, bali mlango wenyewe unangoja mpangilio wa nota ndipo ufunguke.

Mfano mzuri zaidi ni jinsi mchezo unavyomfundisha mtu kazi ya kichujio bila kukitaja jina. Kichujio cha sintesaiza huondoa masafa ya juu ya sauti, na kikifungwa sana besi hubaki ikinguruma kama muziki wa kigodoro unaosikika kutoka mtaa wa pili, ambapo mdundo unafika na maneno yanabaki njiani. Mchezaji anapokifungua kidogo kidogo, sauti inakuwa kali, inapata kingo, na mwanga wa mazingira unabadilika pamoja nayo. Nimewahi kusoma maelezo marefu ya kitaalamu kuhusu jambo hili, na hakuna lililoniingia kichwani haraka kama kusimama mbele ya mtambo mkubwa kuliko nyumba na kuusikia ukifunguka kwa mkono wangu.

Nilimpa mchezo huu kijana mmoja anayetengeneza biti za singeli Mburahati, mtaa uleule wenye studio ya Sisso, ambayo kazi zake zilifika mbali baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wake mwaka 2017. Hajazoea michezo ya mafumbo, na mwanzoni alitembea ovyo, akagonga kuta, akalalamika kwamba nchi hii haina watu. Tulipofika kwenye gridi alininyang'anya kipanya. Mimi nilikuwa nikitafuta jibu kwa kutazama michoro ya ukutani. Yeye aligeuza uso kabisa, akasikiliza mizunguko kadhaa, kisha akaniambia, "Kaka, hilo besi bado halijafunguka, lizungushe," na kweli ndilo lilikuwa tatizo. Huu ni mchezo ambao mtu wa studio anaweza kumshinda mchezaji mzoefu, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Historia ya kutengenezwa kwake inastahili kusomwa na kila anayetaka kufanya kitu kama hiki hapa kwetu. Richard E. Flanagan aliuanza akiwa mwanafunzi huko Montreal, na toleo hilo la awali likashinda tuzo ya mchezo bora wa wanafunzi katika tamasha la michezo huru, IGF, mwaka 2011. Kutoka hapo hadi kuuzwa kwa toleo kamili ilipita miaka mitatu, na wakati huo kikosi kilibaki kidogo mno: Henk Boom akashughulikia programu, na mwanamuziki Mogi Grumbles akaandika muziki. Anayedhani kwamba ushindi wa toleo la majaribio ni karibu na mwisho wa safari aiangalie hiyo miaka mitatu.

Sehemu kubwa ya ugumu wa kazi hiyo inajificha katika uamuzi mmoja wa kiufundi. Michezo mingi hupiga faili za sauti zilizorekodiwa tayari: ukigusa kitu, faili linalia, basi. Njia hiyo ni nyepesi, lakini haimruhusu mchezaji kuigeuza sauti yenyewe, kwa kuwa faili lililorekodiwa halina kichujio cha kufungua. FRACT OSC huitengeneza sauti papo hapo, ndani ya mchezo, kwa msaada wa Pure Data, programu ya bure aliyoianzisha Miller Puckette katika miaka ya 1990, ambayo mtu huunganisha visanduku kwa mistari badala ya kuandika msimbo mrefu. Sauti inayozaliwa hivyo hubadilika wakati wowote, ila inaidai kompyuta ifanye hesabu mfululizo huku ikiendelea kuchora picha.

Kuna pia suala la saa. Mchezo unaochora picha 60 kwa sekunde hupata nafasi ya kuamua jambo kila baada ya takriban milisekunde 17, na nafasi hizo hazilingani kabisa, kwa sababu picha nzito huchelewa. Sauti hutembea kwa saa nyingine kabisa, ile ya kadi ya sauti, ambayo kwa kawaida huhesabu sampuli, yaani vipande vidogo mno vya sauti, 44,100 au 48,000 kila sekunde bila kuyumba. Mtengenezaji akiipigisha nota kwa saa ya picha, mdundo utachechemea. Katika mwendo wa midundo 120 kwa dakika, hatua moja ya gridi ya hatua 16 huchukua milisekunde 125, na kuchelewa kidogo kunaweza kusameheka. Katika singeli ya midundo 240, hatua hiyohiyo ni milisekunde 62 na nusu, na kasoro ya picha moja tu inamfanya mchezaji ngoma akunje uso. FRACT OSC hauchechemei. Hata pale kompyuta yangu isiyo na kadi ya michoro ilipozidiwa na picha zikaanza kuganda, sauti iliendelea kutembea sawasawa.

Hata hivyo siwezi kuusifu kila kitu. Nchi yenyewe ni pana kupita mahitaji yake, haina ramani, na kuna wakati mchezaji hutembea muda mrefu bila kusikia lolote la kumwongoza, ilhali huu ni mchezo ambao ungeweza kumwongoza kwa sauti kuliko mwingine wowote. Kupotea ni sehemu ya uvumbuzi, nakubali, lakini kupita daraja lilelile tena na tena kutafuta kidubwasha kimoja kilichobaki si uvumbuzi. Halafu baadhi ya mafumbo yanatatulika kwa macho peke yake: nimewahi kupunguza sauti kabisa, simu ilipoita, nikaendelea kusogeza vipande na njia ikafunguka kama kawaida. Katika mchezo uliojengwa juu ya muziki, hilo ni pengo.

Lawama yangu kubwa zaidi inahusu studio iliyomo ndani ya mchezo. Kadiri mitambo inavyofufuka, mchezaji hupata zana za kutengenezea muziki wake mwenyewe, na wazo hilo ni zuri sana, kwa sababu alichojifunza akihangaika na milango anakuja kukitumia kwa hiari. Tatizo ni kwamba studio na safari vimekaa mbalimbali. Kile nilichokitunga studioni hakikubadilisha chochote katika nchi niliyoifufua. Hakuna mnara unaopiga wimbo wangu, hakuna njia inayofunguka kwa sababu besi yangu ni nzito kuliko ya mwingine. Kijana wa Mburahati aliikagua studio hiyo kwa muda mfupi, akauliza ataingizia wapi sauti zake na za MC, na alipoambiwa kwamba hakuna mahali hapo, akarudi kwenye FL Studio yake, programu anayotengenezea biti. Simlaumu. Singeli ilikua kwa kuchukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza, na studio isiyopokea kipande kutoka nje haina la kumfaa mtu wa kazi hiyo, ingawa kwa anayeanza kujifunza sintesaiza ni darasa zuri na lisilotisha.

Muziki wa Grumbles, kwa upande wake, unatembea polepole, unavuma zaidi kuliko unavyodunda, na masikio yaliyozoea kasi ya uswahilini yatahitaji muda kutulia. Mimi ulinipendeza zaidi usiku, feni ikiwa imezimwa.

Anayeununua asicheze kwa spika za kompyuta mpakato, kwa kuwa spika hizo hazitoi besi ya chini na nusu ya kazi ya eneo la besi itampita. Hedifoni za waya za bei ya wastani kutoka Kariakoo zinatosha. Zile za Bluetooth niliziacha, kwa sababu nyingi huchelewesha sauti kwa muda unaoweza kuzidi hatua nzima ya gridi, na mkono unaanza kugombana na sikio. Mchezo unapatikana Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, ambako malipo hufanywa kwa kadi, na asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni ya mtoa huduma wake wa pesa za simu. Ukishapakuliwa ni mchezo wa mtu mmoja, hivyo hauli bando wakati wa kucheza. Kwa mtengenezaji wa michezo nashauri aununue hata kwa bei kamili; kwa mtengenezaji wa biti, asubiri mauzo ya punguzo ya msimu, ambayo Steam huyafanya mara kadhaa kwa mwaka, na akikwama katika mafumbo ya kusogeza vipande amwite mdogo wake amalizie sehemu hiyo.