Saratani ya tezi dume baada ya upasuaji: CAPRA-S au kipimo cha jeni?

Tezi imeshatolewa, je, saratani itarudi? CAPRA-S, alama ya kukadiria hatari ya saratani kurudi, haina gharama ya ziada. Daktari huchukua PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ya kabla ya upasuaji na ripoti ya patholojia: alama ya Gleason (ukali wa seli za saratani), kingo za nyama iliyokatwa (kama zina saratani), na kama seli zimevuka ganda la tezi, zimeingia vifuko vya shahawa au tezi za limfu. Jumla ni 0 hadi 12. 0–2 hatari ndogo, 6 na kuendelea hatari kubwa. Ila kingo zisipotajwa kwenye ripoti, na ripoti za kizembe zipo, hesabu yote inayumba.

Decipher, kipimo cha jeni, husoma jeni 22 kutoka kipande cha tezi hiyohiyo, ikitoa alama kati ya 0 na 1. Inashinda kwa kulenga hatari ya kusambaa mwilini, si PSA kupanda tu. Lakini ni ghali.

Mwenye CAPRA-S ya 1 na kingo safi, sioni sababu ya kulipia jeni. Mwenye 4 anayesitasita kuhusu mionzi, kwake inaweza kufaa, bima ikikubali. Vyovyote vile, PSA iendelee kupimwa: ikifika nanogramu 0.2 kwa mililita na kipimo cha pili kikathibitisha, muone daktari mapema.