Masti Noti: yaliyonikuta kwenye kozi ya Kiingereza hapa Moshi

Natoa nyota moja, na hiyo moja ni ya ngazi za jengo lao, maana ndiko nilikojifunza kitu.

Kituo chenyewe kiko Moshi mjini, upande wa Mbuyuni, ghorofani juu ya duka la spea. Jina siandiki, sitaki kesi. Nilijiunga wakati wa masika, wageni mlimani wamepungua na sisi wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani, tumebaki kijiweni kuhesabu madeni. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 6, shingo imeshasema inatosha. Nataka kuwa mwongozaji, na mwongozaji asiyejua Kiingereza ni mgumu aliyeazima koti zuri tu. Nikalipa 90,000. Viti vizuri, feni ipo, tuendelee.

Mwalimu wa jioni ni mtu wa makamo, tai shingoni hata jua likiwaka. Siku ya somo lenyewe aliandika ubaoni: must ni lazima. Chini yake: must not ni si lazima. Akapiga mstari kwa rula, akasema hilo limekwisha. Nikanakili. Daftari ninalo mpaka leo, na mstari wake.

Msimu ukafunguka, nikapata safari ya mlimani kwa njia ya Machame: wageni 4, wagumu 14, na mimi kwa mara ya kwanza nikapewa kusaidia waongozaji. Safari nzuri, wote wanne wakafika kileleni. Usiku wa mwisho, Mweka kempu, mgeni mmoja, mzee wa Kiholanzi mpole sana, akanivuta pembeni akaniuliza kama kesho wanawajibika kuwapa wagumu chochote. Sasa mimi nimelelewa kwamba mgeni haombwi. Nikataka kumjibu kistaarabu kuwa si lazima, ni moyo wake tu. Nikajiweka sawa, nikatoa Kiingereza changu cha elfu tisini: "No sir, you must not give tips to the porters."

Mzee akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru kwa uaminifu wangu. Nilienda kulala nimevimba kama andazi.

Kesho yake geti la Mweka tuliimba mpaka sauti zikakauka. Wageni wakapiga makofi, wakatukumbatia mmoja mmoja, wakapiga picha, wakapanda gari lao. Bahasha hakuna. Aisee, ukimya ule siutamani tena. Kuna mgumu mmoja ana watoto watatu Kibosho, alikuwa amebeba meza ya chakula safari nzima. Alibaki ameishika kofia yake mkononi, anaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo.

Jioni kiongozi wetu akawafuata hotelini kwa upole. Mzee akashangaa: kijana wenu si ndiye alisema ni marufuku? Walidhani ni sheria ya hifadhi! Akatoa chake palepale, na mkewe akatoa. Wale wawili wengine walikuwa wameshaondoka kwenda KIA, uwanja wa ndege. Tangu hapo jina langu kijiweni ni Masti Noti. Wenye ulimi mrefu wanamalizia: Masti Bila Noti.

Nikarudi kituoni na daftari. Sikwenda kwa shari, naapa. Nikasema, "Shikamoo, ticha." Hakuitikia. Nikamfungulia ukurasa, akautazama kama risiti ya deni la mtu mwingine, kisha akasema darasa zima likisikia: "Kijana, Kiingereza hakina kosa. Mizigo imekukandamiza kichwa." Wakacheka. Nikamuuliza tena, sauti ya chini, sasa must not maana yake nini. Akanijibu: "You must respect your teacher."

Hapo must aliitumia sawasawa, sitamnyima haki yake.

Lakini kichwa alichokicheka ndicho kilichompandishia mtu begi hadi kambi ya Barafu, mita 4,673, huku mwenye begi akihema nyuma yangu. Yeye ngazi za ghorofa moja anapumzika katikati, nimemwona kwa macho yangu. Msiende. Hata mkipewa bure msiende.

Ila ngoja. Wakati nashuka na hasira zangu, dada mmoja anayefundisha asubuhi alikuwa amekaa ngazini anakula karanga. Alikuwa amesikia yote. Akaniita, "Kaka, njoo hapa." Akaniuliza: kwa Kiswahili, "lazima usitoe" na "si lazima utoe" ni jambo moja? Nikasema hapana, la kwanza ni katazo, la pili ni hiari. Akasema basi unajua tayari, angalia tu "not" imeng'ang'ania nini. Kwenye must not imeng'ang'ania kitendo: lazima usitoe. Ukitaka kuiondoa lazima yenyewe, sema you don't have to. Basi! Miezi mitatu ya tai na rula, na jibu lilikuwa mdomoni mwangu siku zote.

Nikakaa. Akanipa na karanga. Akaniambia must haina jana, jana ni had to. Nikamweleza kwamba bosi aliwahi kuniuliza kama mgeni fulani alifika kilele cha Uhuru, nikajibu "She could reach", akaondoka na uso wa mashaka. Akacheka, lakini si kicheko cha kule juu. Could inasema mtu alikuwa na uwezo. Ukitaka kusema siku ile alifika kweli, ni she was able to. Ukikanusha, couldn't inafaa kote. Kuhusu ruhusa akasema can inatosha, may ni ya kuvaa suti. Na mgeni akianza kutapika na kuyumba kule juu, usimwambie you can go down, atadhani unampa hiari na atakataa. Mwambie you have to go down. Hilo nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Nikamuuliza pia juu ya mgeni wa mwaka wangu wa kwanza aliyeniambia "You must be tired", nikadhani ananiamuru nichoke. Kumbe alikuwa akikisia tu: bila shaka umechoka. Na kweli nilikuwa nimechoka.

Kwa zile dakika za ngazini natoa nyota nne. Mkienda, ulizeni zamu ya asubuhi. Nilifika mpaka kutaka kufuta niliyoandika hapo juu.

Halafu juzi nikaenda kuchukua cheti. Binti wa mapokezi akaniambia cheti ni 15,000 zaidi, jambo ambalo siku ya kulipa ada hakuna aliyelitaja. Nikalalamika. Akasema bila kuinua macho kwenye simu, "Cheti si lazima, kaka." Nikamwomba aniambie hivyohivyo kwa Kiingereza. Akafikiri kidogo, akatazama feni.

"You must not take it."

Nyota tatu nazirudisha mfukoni.