Darasa la usiku la hisabati, Kikwajuni: tathmini ya mwanafunzi wa zamani

Kwa mihula miwili ya mwaka wangu wa kwanza wa chuo nilihudhuria darasa la usiku la hisabati lililoko Kikwajuni, mjini Zanzibar, katika ukumbi wa juu wa nyumba ya maalim mmoja mstaafu, na kwa kuwa vijana waliomaliza kidato cha sita huniuliza mara kwa mara kama linastahili fedha zao, naona ni haki yao niwajibu kwa urefu. Darasa hufanyika siku tatu kwa wiki baada ya sala ya Isha, na ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi.

Nilikwenda pale nikiwa na alama nzuri za skuli, lakini nimekwama. Skuli tulizoea kupewa kanuni, tukaingiza namba na kupata jibu. Chuoni nilikuta swali linaloanza na neno "thibitisha", na ndani yake hamna hata namba moja. Wengi huihama fani hii hapo hapo wakiamini kwamba hawana kichwa cha hesabu, ilhali walichokosa ni mtu wa kuwaonesha kuwa kuthibitisha ni ufundi unaofundishika kama ufundi mwengine. Kazi hiyo sijaona mahali inapofanywa vizuri kama katika ukumbi ule.

Usiku wa kwanza Maalim alituuliza suala la mirathi ya Kiislamu. Mtu amefariki Pemba, hakuacha deni wala wasia. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mabinti wawili na shamba la mikarafuu 64. Kila mmoja apate miti mingapi? Sote tulijua kwamba mke ana thumni, yaani 1/8, na kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo haukupita muda tukajibu: mke 8, mwana 28, kila binti 14. Akauliza tena: "Ni mashamba ya miti mingapi yanayogawika hivi bila ya mti hata mmoja kukatwa?" Ukumbi ukanyamaza. Tulijaribu 32, ikakubali. Tukajaribu 48, fungu la binti likatoka miti 10 na nusu. Mwenzetu mmoja akasema ni dhahiri kwamba idadi lazima igawike kwa 32. "Mwanangu," Maalim akamwambia, "kama ni dhahiri, basi liandike."

Kuliandika kulituchukua saa nzima. Mke akishapata thumni hubaki 7/8, na binti hupata robo ya hiyo, kwa hiyo fungu lake ni 7/32 ya shamba. 7 na 32 hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, kwa hiyo ile 7 haipunguzi chochote katika 32, na 32 yote haina budi kupatikana ndani ya idadi ya miti yenyewe. Upande wa pili ni mwepesi, kwani idadi inayogawika kwa 32 hugawika pia kwa 8 na kwa 16, na mafungu ya mke na ya mwana hutoka kamili. Tulipomaliza ndipo Maalim alipotueleza kwamba Al-Khwarizmi, aliyeandika juu ya aljebra mjini Baghdad katika karne ya 9, alishughulika sana na hesabu za mirathi na wasia. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo hisabati haikuwahi kunipa tangu nianze chuo.

Sifa ya pili ya darasa hili ni kwamba swali la "utafanya nini na hisabati zaidi ya kusomesha?" hujibiwa kwa uwazi. Kila mwisho wa mwezi huja mwanafunzi wa zamani akaeleza kazi yake. Mtakwimu aliyekuja alitufafanulia jinsi sensa ya 2022 iliyohesabu watu 1,889,773 Zanzibar inavyotumika kukadiria madarasa na vitanda vya hospitali vitakavyohitajika miaka ijayo. Wa bima alitueleza kwa nini kampuni isiyojua lini nyumba ya mtu mmoja itaungua huweza kukadiria vyema hasara ya maelfu ya nyumba. Mwengine alituonesha kwamba mfumo wa RSA wa kulinda siri za mawasiliano, uliotangazwa 1977, unategemea ugumu wa kuzitafuta namba tasa mbili kubwa pale unapopewa zao lao tu, yaani jibu la kuzizidisha. Wala ualimu haukudharauliwa, na mimi naona ni sawa, kwa sababu skuli zetu zinawahitaji mno walimu wanaoipenda hisabati.

Kasoro ipo, nayo si ndogo: darasa halina kompyuta hata moja. Nilipokwenda kwenye usaili wangu wa kwanza niliwekwa mbele ya kompyuta, nikaambiwa nichambue jedwali la data kwa programu ambayo sikuwahi kuigusa, na kazi ikenda kwa mwengine. Sasa ambapo IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ina kampasi yake Bweleo tangu 2023 na inafundisha sayansi ya data na akili mnemba hapa hapa Unguja, darasa la hisabati lisilofundisha hata misingi ya kuandika programu linawapunja wanafunzi wake. Vilevile, mitihani ikikaribia ukumbi hujaa kupita kiasi, na kijana anayemsaidia Maalim huwasomea watu majibu ya mitihani iliyopita wayanakili, jambo linalopingana kabisa na mafunzo ya usiku wa kwanza.

Kwa anayeanza mwaka wa kwanza, nalipendekeza bila ya kusita, ila ajiunge mwanzo wa muhula, asingoje mitihani, na atenge fedha za nauli, kwani anayekaa Tunguu atapata taabu ya daladala usiku. Mdogo wangu anaanza mwezi ujao. Nimeshamlipia ada ya miezi mitatu, na Jumamosi namfundisha mwenyewe kompyuta.