Cooper Black: kwenye bango safi, kwenye stika za dagaa wameniharibia

Nianze na sifa kabla hasira hazijanipanda. Bango la duka langu hapa Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, limeandikwa kwa fonti (muundo wa herufi) ya Cooper Black, na limetoka bomba. Herufi zake nene, hazina kona, miguu imeumuka kama maandazi. Njano juu ya bluu, ukiwa ndani ya daladala unalisoma bila kukaza macho. Ndiyo hiyo hiyo shirika la ndege la easyJet la Uingereza waliyoandikia jina lao kwenye ndege zao. Aliyeichora ni Oswald Cooper wa Chicago, ikatoka mwaka 1922, na hadi leo haijachuja.

Sasa stika.

Nauza dagaa wa kwenye vichanja, si wale wa kuanikwa chini. Mteja wa hapa kitu cha kwanza anachouliza ni mchanga, kwa hiyo nilitaka paketi ijibu yenyewe: "Dagaa safi, hawana mchanga." Jamaa wale wale walionichapia bango, wa uchapishaji pale mjini (siwataji), wakachukua fonti ile ile ya bango, wakaibana mpaka ikaenea kwenye stika ndogo ya duara. Hata uzito na tarehe ya mwisho wa kutumia, Cooper Black! Herufi nene namna ile matundu yake ni finyu, ukiipunguza wino unayaziba. Na neno dagaa lina herufi gani isiyo na tundu? d inalo, a inalo, g ndiyo usiseme. Zote zimezibwa. Ukishika paketi unaona madoa meusi matano yamejipanga, na chini yake mstari mwingine wa madoa. Mama mmoja akaniuliza kama ni sumu ya panya.

Nikazirudisha. Kijana wa kaunta hata macho hakuyatoa kwenye simu. Nikamwambia mnene uache kwenye jina la duka, maelezo weka mwandiko wa kawaida, mwembamba. Akanijibu: "Mama, wewe uza dagaa, mambo ya dizaini tuachie wenyewe." Mbele za watu! Wengine wakacheka. Na hela walishachukua yote kabla ya kazi. Nikamwulizia bosi, nikaambiwa kasafiri, njoo kesho. Kesho yao mpaka leo haijafika.

Kuna watakaosema kosa ni la fonti, ya kizamani hiyo. Hapana, imetumwa kazi isiyo yake. Iandikie jina la mgahawa, ubavu wa daladala, fulana za timu, itakupendeza. Na kabla hujalipa, mwambie fundi akutolee moja ya majaribio kwa saizi ile ile itakayobandikwa, uishike mkononi, si kukuonyesha kwenye kompyuta imekuzwa.

Ingawa, tangu siku ile hata bango naliangalia vibaya. Namba ya simu niliyoweka kwenye kona, 6 na 8 na 9 ukivuka barabara tu zote zinafanana. Labda ni hasira.

Nyota nilitaka kuwapa moja. Halafu nikasema mbili, kwa ajili ya lile bango. Lakini uzuri wa bango ni wa huyo Cooper, wao wameweka wino tu. Moja.