OpenCourseWare ya MIT au Coursera?
Chuo cha MIT nchini Marekani kilitangaza OpenCourseWare, tovuti ya masomo yake, mwaka 2001, na mihadhara, mazoezi na mitihani yake hupakuliwa bure, bila kujisajili, chini ya leseni inayomruhusu mwalimu kuitafsiri na kuigawa bila kuiuza. Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2012 na Andrew Ng na Daphne Koller, humpa mwanafunzi ratiba, majaribio yanayosahihishwa na cheti, ambacho kwa kawaida hulipiwa. Hata hivyo, wengi wanaojiandikisha huishia njiani. Anayetafuta kazi atakihitaji cheti. Lakini mwanafunzi anayesubiri bando la usiku ili apakue somo zima la hesabu, kisha alisome wiki nzima bila intaneti, ningemwelekeza MIT bila kusita, japo huko hakuna wa kumjibu anapokwama.