PostgreSQL msimu wa korosho: replikesheni inabeba mzigo, ila ilinde diski

Natunza databesi ya malipo ya wakulima hapa Mtwara. Minada ikifunguliwa Oktoba, mzigo haupandi taratibu. Stakabadhi za ghala zinamiminika, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanauliza nani kalipwa, na mabosi wanataka ripoti saa hiyohiyo. Kazi hiyo tumeikabidhi PostgreSQL, programu ya kuendesha databesi, nami naisifu bila kusita.

Tuna seva kuu moja na nakala mbili, yaani seva zinazonakili data yake muda wote (ndiyo replikesheni), moja jengo hilihili, nyingine Dar es Salaam. Ripoti nzito zote zinasomwa kwenye nakala, seva kuu inabaki na kuandika. Karani wa Tandahimba hasubiri tena hesabu ya mkoa mzima iishe ndipo stakabadhi yake ipokelewe.

Lakini nakala huwa nyuma kidogo, na siku ya mnada hicho kidogo kinakuwa sekunde kadhaa. Hela imeshaingia, karani anafungua skrini inayosoma nakala, anasema, "Mzee, yako bado." Kumwambia hivyo mtu aliyehangaika na mikorosho mwaka mzima ni kumuumiza bure. Kwa hiyo ukurasa wa malipo ya mkulima mmojammoja usomwe seva kuu, daima.

Muamala wa malipo nao usihesabiwe umekamilika mpaka nakala mojawapo ithibitishe kuupokea. Tangu toleo la 10 la PostgreSQL, kwenye mipangilio unaandika ANY 1 na kutaja nakala zote mbili. Yoyote itakayowahi inatosha. Ukitegemea nakala moja tu, siku ikizimika malipo yote yanakwama.

Sasa diski. Mtandao wa kwenda Dar ukikatika, sloti ya replikesheni, yaani alama ya pale nakala ilipofikia, inaizuia seva kuu kufuta faili za WAL (kumbukumbu za kila badiliko la data) mpaka nakala irudi. Mnada ukiwa umechangamka, faili hizo zinarundikana upesi, na diski ikijaa seva kuu inasimama. Toleo la 13 la mwaka 2020 lilileta dawa, mpangilio wa max_slot_wal_keep_size unaowekea kikomo faili ambazo sloti inazuia zisifutwe, ila unakuja ukiwa -1, yaani bila kikomo. Weka kikomo kabla ya msimu. Kikipitwa, nakala ya Dar itajengwa upya usiku, na wakulima watakuwa wamelipwa mchana.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya hiyo -1.