Wapima kelele wasiosikia besi

Nyumba yangu iko Sinza, ukuta kwa ukuta na baa. Wikiendi besi ikianza, glasi zinagongana kabatini. Nikaita kampuni ya kupima kelele, nipate karatasi ya kupeleka serikali ya mtaa.

Kijana alikuja nadhifu. Akawasha kidude kinachotoa mlio wa desibeli 94, kifaa chake kikasoma sawasawa, nikamwamini kabisa. Robo saa baadaye ananionyesha: Leq 52 dB(A). "Mama, hii kawaida. Labda una usingizi mwepesi."

Usingizi mwepesi! Na glasi zinacheza mbele ya macho yake!

Nikamuuliza hiyo A ni ya nini. Akacheka: "Hayo ya kitaalamu, mama."

Usiku huohuo nikasoma. Kumbe A ni kichujio kinachoiga sikio letu kwenye sauti ndogo, na besi haina chake hapo: mlio wa hezi 63 unakatwa desibeli 26 hivi kabla namba haijatokea kiooni. Ni kupima uzito wa pilau huku wali umeuweka pembeni. Besi yenyewe utaiona kwenye C, kichujio kingine kisichoikata hivyo. Leq nayo ni wastani wa nishati ya muda wote. DJ alinyamaza karibu nusu ya kipimo, ila hapo simlaumu kijana, maana nusu ya kimya hushusha desibeli 3 tu.

Nikampigia, akarudi bila kudai hata nauli. Nikamwambia, mwanangu, bonyeza C. Namba ikaruka hadi 74. Akakaa kimya, akakohoa. Nikauliza, na glasi je? Akanieleza taratibu kwamba mtikisiko una kifaa chake, kinagandishwa ukutani, na husomwa kwa milimita kwa sekunde. Alieleza vizuri mno, nikamwekea chai, moyoni nishawapa nyota nne.

Ripoti ikaingia WhatsApp. Ile 52 imekolezwa wino juu kabisa, 74 iko chini kwa herufi za sisimizi. Na kwenye ankara: "ushauri wa kitaalamu". Nani alimshauri nani jamani?

Nyota moja. Haya, mbili, kijana alinisalimia vizuri mara ya pili. Lakini hiyo ya ushauri sijalipa, na wasinipigie.